Kung fu za zamani: mapigano ya uongo yasiyochosha. Zinapigwaje?

Kijana_Maweni, Malindi

Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina maswali mawili, yote kuhusu filamu za kung fu za Hong Kong, zile za miaka ya 1960 na 1970.

La kwanza. Uongo wake uko wazi kwa kila mtu. Mtu anapigwa teke la kifua anaruka hadi meza ya pili. Maadui ishirini wanamzunguka stelingi, halafu wanamwendea mmoja mmoja. Mzee wa ndevu nyeupe anatoka uani hadi juu ya paa bila kukimbia hata hatua moja. Na bado filamu kama hiyo ikiwekwa kwenye kibanda cha video jioni, vijana waliozaliwa miaka mingi baada yake wanatulia hadi mwisho, ilhali filamu mpya iliyojaa kompyuta wanaiacha katikati. Kinachowashika ni nini hasa?

La pili ni la kazi. Tuko sita, wanne wa kareti na wawili wa sarakasi. Tunataka kupiga pambano la dakika 3 kwa mtindo huo wa zamani, ufukweni hapa Malindi, kwa simu mbili. Hatuna kamba za kumpandisha mtu wala mashine yoyote. Tatizo tulilo nalo: ngumi zinaonekana wazi kwamba hazifiki, na pambano zima linaonekana kama watu wanaoogopana. Tufanye nini? Naomba vipimo, si maneno ya jumla.

KameraAmu, Langoni, Lamu

Waaleikum salaam ndugu yangu. Naanza na la pili, maana ukishajua zilivyopigwa, la kwanza litakuwa limeshajijibu nusu.

Ngumi zenu zinaonekana hazifiki kwa sababu kamera imesimama ubavuni mwa wapiganaji. Ukiwa ubavuni, pengo kati ya konde na taya linaonekana hata likiwa la sentimita 5. Sogezeni simu mpaka iwe nyuma ya bega la mmoja wao, konde na uso na lenzi viwe karibu katika mstari mmoja. Hapo ngumi inaweza kupita sentimita 15 hadi 20 mbele ya pua na mtazamaji hana njia ya kuipima. Kwa ngumi nyoofu, kamera ikae nyuma ya anayepigwa, juu kidogo ya bega lake, ili kichwa chake kifunike mahali konde linapoishia. Kwa ngumi ya mzunguko, bega la yeyote kati yao linafaa. Na msikae karibu mno. Rudini nyuma hatua tano au sita mtumie lenzi ya kuvuta kama simu inayo, kwa sababu lenzi ya kuvuta hubana masafa, na watu walioachana mita moja wanaonekana wamegusana. Lenzi pana hufanya kinyume chake, inalitanua pengo mnalotaka kulificha.

Halafu kuna anayepigwa, na huyu ndiye anayeiuza ngumi kuliko mpigaji. Konde likitoka kulia kwenda kushoto, kidevu chake kiende kushoto, bega lifuate, kisha mguu. Akirudisha kichwa nyuma kwa ngumi iliyopita pembeni, mtazamaji atahisi kasoro hata kama hawezi kusema iko wapi. Aanze kuitikia konde linapokata mstari wa pua yake. Akiwahi, ataonekana mwoga. Huko kuogopana unakokutaja nadhani kunatoka hapa: watu wenu wanangoja waione ngumi ndipo waitikie, kwa hiyo macho na mabega yanajikunja mapema. Zoezeni kwa hesabu ya sauti, moja, mbili, tatu, mwanzo polepole kabisa kwa robo ya kasi, mpaka mwitikio utoke kwenye hesabu.

Sasa kasi. Filamu huonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Mafundi wa Hong Kong walizoea kuipunguza kamera wakati wa kupiga, fremu 22 au 20 kwa sekunde, kisha filamu ikaonyeshwa kwa 24 ile ile. Kwa 22 mwendo unaongezeka kama asilimia 9, kwa 20 unaongezeka asilimia 20. Nyinyi pigeni kwa fremu 24 au 30 za kawaida, halafu kwenye programu ya kuhariri pandisheni kasi hadi asilimia 108 au 110. Msipite 115. Mikono haifichui kasi iliyoongezwa. Kinachoifichua ni vitu vinavyoanguka na kupepea, kama upindo wa kanzu, nywele na mchanga uliorushwa, na ufukweni zaidi ya vyote ni mawimbi. Wimbi likivunjika nyuma ya wapiganaji kwa kasi ya asilimia 115, kila mtu wa pwani atajua papo hapo kwamba picha imeharakishwa. Ndiyo maana nawashauri kamera iipe bahari mgongo na itazame mji.

Hilo linaamua na saa ya kupiga. Ufuo wa Malindi unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatoka baharini, nyuma ya kamera, na nyuso zinapata mwanga mzuri. Alasiri jua liko upande wa mji na mtakuwa mnapiga vivuli. Chagueni siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, maana siku hizo maji hukupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na mchanga mgumu unaanza kuachwa wazi kuanzia saa moja na nusu au saa mbili. Mtapata muda wa kutosha kabla jua halijapanda juu ya vichwa na kuchimba mashimo meusi kwenye macho. Hakikisheni na jedwali la maji, au muulizeni mvuvi yeyote pale gatini.

Jambo moja ambalo wengi wanaotumia simu hawalijui. Jua likiwa kali, simu hupunguza mwanga yenyewe kwa kuchukua kila fremu kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja kwa elfu ya sekunde. Kila fremu inakuwa kali kama picha ya pasipoti, na mwendo unaonekana wa kukatika-katika. Kamera ya zamani ya fremu 24 iliacha mwanga uingie kama sehemu moja kwa 48 ya sekunde, kwa hiyo mkono ulioruka uliacha ukungu kidogo, na ukungu huo ndio macho yanausoma kama nguvu. Bandikeni kichujio cheusi cha kupunguza mwanga (ND) mbele ya lenzi, na mtumie programu ya kamera inayowaruhusu kuweka sehemu moja kwa 50 kwa mkono; bila kichujio picha itakuwa nyeupe tupu.

Simu ilale, isisimame. Shaw Brothers, studio kubwa ya filamu za Hong Kong iliyofungua uwanja wake wa Clearwater Bay huko huko mwaka 1961, ilipiga kwa fremu ndefu ya upana wa karibu mara 2.35 ya kimo chake. Fremu hiyo inamchukua mtu kutoka utosi hadi unyayo, na bado kuna nafasi ya mguu kunyooka. Mkikata miguu mmeua pambano.

Mwalimu_wa_Barani, Malindi

KameraAmu amesema vizuri. Mimi niongeze upande wa pambano lenyewe, kwa sababu vijana wa kareti wakipiga filamu huingia na mazoea ya ukumbini, na mengi kati ya hayo yanaharibu picha.

Tuanze na yale ambayo kweli hayawezekani, mjue mnaongopa wapi.

Kudaka ngumi kwa kiganja. Mtu akiona kitu, mwili wake huchukua kama theluthi au robo ya sekunde kuanza kujibu, na ngumi nyoofu ya mtu aliyezoea imeshafika kwa muda kama huo. Kwa hiyo bondia hadaki. Anasoma bega na nyonga kabla ngumi haijatoka, anajitoa kwenye mstari au anafunika uso. Kwenye filamu wanadaka kwa sababu wote wawili wanajua hesabu.

Ngumi kumi za kichwa bila glavu. Fuvu ni gumu kuliko mkono. Anayepiga paji la uso kwa nguvu zote mara nyingi huvunja mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole kidogo, na daktari yeyote wa dharura anaujua mvunjiko huo. Mabondia hufunga mikono kwa bendeji na kuvaa glavu hasa kwa kulinda mikono yao. Stelingi anayepiga vichwa arobaini jioni moja asingeweza kushika kijiko kesho yake.

Pumzi. Raundi ya ndondi za kulipwa za wanaume ni dakika 3, na mtu anayefanya mazoezi kila siku huimaliza akihema. Anayerusha ngumi na mateke kwa nguvu zote bila kupumzika huishiwa ndani ya dakika moja. Duwa za mwisho za filamu za zamani zinafika dakika 10.

Teke linalomrusha mtu mita 3. Hili lina hesabu yake. Tuseme mguu na sehemu ya nyonga inayoufuata vina uzito wa kilo 15 na vinakwenda mita 7 kwa sekunde. Ukigawa msukumo huo kwa mtu wa kilo 70, atarudi nyuma kwa mita 1.5 kwa sekunde. Hiyo ni hatua mbili za kupepesuka, labda akae chini. Kumrusha hadi meza ya pili kunataka mpigaji naye asukumwe nyuma kwa nguvu hiyo hiyo. Kwenye filamu kamba ilifungwa kwenye mkanda chini ya nguo ya anayepigwa, watu wakamvuta kutoka nje ya picha. Nyinyi hamna kamba, na nafurahi hamna. Kuvuta mtu kwa kamba bila fundi aliyesomea ni njia ya haraka ya kuvunja uti wa mgongo.

Na lile la maadui kumwendea mtu mmoja mmoja. Watu watatu wakikutaka kweli, mmoja anakushika kiuno au mkono, wa pili anapiga kutoka nyuma, na ndani ya sekunde chache uko chini. Ukumbini tunafundisha jambo moja tu juu ya hilo: usizungukwe, tembea kwa upande ili wajipange mstari mmoja nyuma ya mwenzao, na ukiona njia kimbia. Kwa picha, mmoja mmoja hakuepukiki, kwa sababu ya usalama na kwa sababu jicho haliwezi kufuata ngumi tatu kwa pamoja. Siri ni kumpa kila anayengoja kazi. Mmoja anainuka kutoka chini, mwingine anazunguka kutafuta upenyo, wa tatu anasukumwa na mwenzake anayeanguka. Yule anayesimama tu akirukaruka na ngumi juu ndiye anayeharibu. Katika *Fist of Fury* ya 1972, Bruce Lee anapigana na ukumbi mzima wa wanafunzi. Mtazame asiyepigwa kwa wakati ule utajifunza mengi: duara linapumua, linafunguka na kujifunga, kila akigeuka watu wanarudi nyuma.

Kwa vijana wa kareti hasa: ngumi yenu ni fupi na inarudi haraka. Ukumbini ni sawa, lakini kwenye picha haionekani. Itoeni kutoka mbali, kiwiko kionekane kikirudi nyuma kwanza, na mkiishafika mwisho mshikilie kidogo, kama robo ya sekunde, kabla ya kurudisha. Mateke vivyo hivyo. Teke la chini la paja linauma sana katika pambano la kweli, na kwenye filamu halina faida yoyote kwa sababu halibadilishi umbo la mtu. Teke la juu ni hatari kwa anayelipiga, mguu mmoja hewani na mizani imekwisha, lakini linachora mstari mrefu ambao mtu aliyeketi nyuma kabisa anauona.

Mwana_wa_Mkomani, Lamu

Naomba kumjibu Kijana_Maweni swali la kwanza, maana limeachwa nyuma.

Mwalimu ameorodhesha uongo, na kila alichosema ni sahihi. Lakini filamu hizi hazikutoka kwenye vita. Zimetoka jukwaani, kwenye opera ya Kichina, ambako mwigizaji huimba, hucheza, hupindua hewani na hupigana kwa mikuki, vyote kwa mlio wa ngoma, matoazi na vipande vya mbao. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao wote walilelewa katika chuo kimoja cha opera ya Beijing huko Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, na humo walifundishwa kusimama kwa mikono, kupasua miguu na kupiga samasoti tangu utotoni. Han Ying-chieh, aliyepanga mapigano ya filamu za mwongozaji King Hu na aliyecheza bosi mwenyewe katika *The Big Boss* ya 1971, naye alitoka huko huko kwenye opera. Yule mzee anayepaa juu ya paa aliruka kutoka kwenye trampolini iliyofichwa nje ya picha, shoti ikakatwa akiwa angani, kisha shoti ya pili ikamwonyesha anatua.

Upande wa pili kulikuwa na watu wa kung fu wenyewe. Lau Kar-leung alifundishwa Hung Gar, mtindo wa kung fu wa kusini mwa China, na baba yake, na baba yake alifundishwa na Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung, fundi mashuhuri wa mtindo huo. Lau akawa mratibu wa mapigano na baadaye mwongozaji. Kwa hiyo unapoona mkono wa chui milia na bawa la korongo katika filamu zake, mikao hiyo ni ya kweli, ile ile inayofundishwa ukumbini. Kilichoongezwa ni kwamba wapiganaji wawili wameshakubaliana.

Mtu wa Lamu hana haja ya kuelezwa sana hili. Nenda kaangalie kirumbizi wakati wa Maulidi, mfungo sita. Wawili wanaingia katikati na bakora zao, zumari inalia, mmoja anashambulia na mwenzake anakinga, wanaachana, wanazungukana, wanarudiana. Hakuna anayesimama pembeni akasema "lakini huyu hakumpiga kweli." Watu wanaangalia jicho, mkono, na nani kapotea kwenye mdundo. Kung fu ya zamani inaangaliwa kwa macho hayo hayo. Pambano ni la kupangwa, ila ustadi wa mwili si wa kupangwa. Yule mtu kweli ameinua mguu hadi sikioni, kweli ameruka benchi na kutua kwa mguu mmoja, na kamera imekaa mbali, haikukata, imekuacha uone. Filamu nyingi mpya zinakata kila ngumi mara mbili na kutikisa kamera, kwa hiyo huoni mwili wa mtu ukifanya lolote. Vijana wa kibandani wanaacha katikati kwa sababu hakuna cha kuangalia.

Na kuna jambo la mazoezi. *The 36th Chamber of Shaolin* ya 1978, ya huyo Lau Kar-leung, inatumia sehemu kubwa ya muda wake kumwonyesha Gordon Liu akijifunza tu. Anavuka bwawa kwa kukanyaga magogo yanayoelea. Anabeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa, visu vimefungwa mikononi, akishusha mikono vinamchoma. Anagonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu mno mpaka kifundo cha mkono kinapata nguvu. Kila chumba kina kazi moja, anashindwa, anarudia, anaweza. Kijana asiye na kitu anaelewa hadithi hiyo bila kutafsiriwa, kwa sababu hakuna aliyezaliwa na kipaji wala mali. Ni jasho limegeuzwa kuwa nguvu. Kwangu mimi hilo ndilo linaloziweka hai filamu hizi kuliko mateke yenyewe.

Kijana_Maweni, ukitaka pambano lenu lifanane na zile, liandikeni kama ngoma kabla ya kuliandika kama vita. Vipigo vitatu au vinne mfululizo, halafu simama. Katika opera mkao huo wa kusimama ghafla unaitwa liangxiang: mwigizaji anaganda, macho kwa hadhira, ngoma inagonga mara moja. Nusu sekunde inatosha. Kisha vitano, kusimama. Kisha viwili tu, vizito. Msirudie idadi ile ile mara mbili mfululizo. Mapambano ya vijana wengi mtandaoni yanachosha kwa sababu yanakwenda bila kituo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na macho yanapoteza hesabu.

Kijana_Maweni, Malindi

Shukran sana nyote. Tumeisogeza kamera nyuma ya bega kama KameraAmu alivyosema na tofauti ni kubwa mno. Yamebaki matatu. Je, tupige pambano lote kwa pamoja kisha tukate, au kipande kwa kipande? Sauti tuzitoe wapi? Na pambano la mwisho ni la fimbo na kuna kuanguka. Mianzi tunayo, inafaa?

KameraAmu, Langoni, Lamu

Kipande kwa kipande, na kwa mpangilio ule ule utakaoonekana. Ndivyo walivyofanya Hong Kong. Mratibu wa mapigano ndiye aliyeamua kamera ikae wapi na shoti ikatwe wapi, na vipigo vitano au kumi vilirudiwa mpaka vitoke safi, ndipo wakahamia vinavyofuata. Mkipiga dakika 3 zote kwa mkupuo, dakika ya pili mmechoka na mikono imeshuka. Gawanyeni vipande 25 hadi 30. Kila kipande kianze na kipigo cha mwisho cha kile kilichotangulia, ili mpate pa kuunganishia.

Kwenye kuunganisha, kipigo kikubwa kirudieni fremu 2 au 3: shoti ya kwanza mguu unafika kifuani, shoti ya pili kutoka pembe nyingine inaanza fremu 2 kabla ya kufika. Jicho halioni marudio, linahisi uzito tu. Kwa ngumi za haraka fanyeni kinyume, ondoeni fremu moja au mbili kabla ya konde kufika.

Vumbi pia. Kijiko kimoja cha poda ya watoto au unga wa ngano kwenye kifua cha shati jeusi, na teke likigusa kidogo tu wingu linatoka. Kijiko kimoja, si zaidi. Mkizidisha, mtu anaonekana ametoka kwenye gunia la unga, na kila marudio itabidi abadilishe shati. Upepo wa kusi na wa kaskazi wote hapo unatoka upande wa bahari, kwa hiyo mkiipa bahari mgongo, vumbi linakimbia lenzi.

Mwana_wa_Mkomani, Lamu

Sauti msizichukue ufukweni kabisa. Filamu zile nyingi zilipigwa bila sauti, na maneno, ngumi na hatua vyote viliingizwa baadaye studioni. Ndiyo maana midomo haifuatani na maneno hata katika lugha yake ya asili. Hong Kong iliendelea hivyo hadi miaka ya 1990. Faida yake ni kwamba kila sauti ni safi na iko mahali pake.

Kila kipigo kina sauti mbili. Ya kwanza ni upepo: chukueni ufito mwembamba wa mita moja, mcharaze hewani umbali wa nusu mita kutoka kwenye simu, chumbani, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Ya pili ni kishindo: mto wa kochi wa ngozi upigwe kwa kiganja, na chini yake wekeni kishindo kizito zaidi, kifuu cha nazi kilichofungwa kwenye taulo kikigongwa juu ya meza. Mfupa unaovunjika ni karoti mbichi au kuti kavu. Upepo uanze fremu 3 au 4 kabla ya kugusa, kishindo kiangukie fremu ile ile ya kugusa. Katika fremu 24, kila fremu ni kama sehemu moja kwa 24 ya sekunde, inaonekana ndogo, lakini kishindo kikiwahi fremu 2 mtazamaji anaona uongo mara moja. Kikichelewa fremu moja anavumilia.

Na msiweke kishindo kile kile kwa kila ngumi. Rekodini saba au nane, mchanganye.

Mwalimu_wa_Barani, Malindi

Kwanza kuanguka. Mchanga uliolowa maji yakikupwa unafaa kupigania kwa sababu mguu hauzami, lakini kuuangukia ni karibu sawa na sakafu. Pigeni mapigano kule chini, na shoti za kuanguka mzipige juu, kwenye mchanga mkavu, baada ya kuuchimba na kuulegeza kina cha sentimita 30 na kuupitishia reki kutafuta chupa, magome ya chaza na vipande vya matumbawe. Rangi ya mchanga itatofautiana, kwa hiyo shoti hiyo iwe ya karibu, ardhi isionekane sana. Anayeanguka nyuma achuchumae kwanza, kidevu kifuani, atoe pumzi anapogusa, na mikono yote miwili ipige mchanga kwa pembe ya kama digrii 45 kutoka mwilini. Asitangulize kiganja na mkono ulionyooka, kifundo kitavunjika. Wa sarakasi wenu wataona ni rahisi; wa kareti wazoezwe wiki mbili kabla.

Mianzi, hapana. Mwanzi mkavu ukigongana na mwenzake hupasuka kwa urefu, na vile vipande ni visu, vinaruka machoni. Tafuteni henzirani, urefu wa mita 1.5 hadi 1.8, unene wa sentimita 2 hadi 2.5. Henzirani ikichoka inachanika nyuzi nyuzi, hairushi vipande, na inapinda kidogo inapogongana, kwa hiyo mikono haifi ganzi. Ncha zote mbili zifungwe tepu ya kitambaa.

Shabaha ya kila pigo iwe fimbo ya mwenzako, kamwe si mwili wake. Pigo la kichwa linalokingwa lipitishwe sentimita 20 juu ya utosi, ili mwenzako akisahau kukinga, fimbo ipite hewani. Pigo la kichwa linalotoka upande, la kukwepwa kwa kuinama: anayeinama ndiye anayeanza, na mpigaji asizungushe kabla hajakiona kichwa kimeshuka. Hapo tu ndipo naruhusu mtu aitikie kwa kuona badala ya hesabu. Mchomo wa mbele uelekezwe nje ya bega; kamera ikiwa nyuma ya bega, kama alivyosema KameraAmu, itaificha tofauti. Wote wawili watazamane machoni kabla ya kila kipande, na yeyote akisema "simama" fimbo zinashuka.

Kabla ya kila shoti mmoja wenu apitishe kidole gumba kwenye fimbo kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa na ufa hata wa unywele, itolewe. Kwa dakika moja ya fimbo kwenye picha, wekeni fimbo sita za akiba.